Udongo Hausikii Kengele

Likizo inapokaribia, walimu wenzangu huniuliza safari hii naenda kujifunza nini. Wamenizoea. Wengine hurudi kwao kulima, wengine huitwa kusahihisha mitihani, nami hutafuta mtu anayejua kutengeneza kwa mikono kitu nisichokijua, nikamwomba anipokee. Nafundisha sanaa katika shule ya msingi hapa Kisumu, na watu hudhani kila ninachojifunza nakitafutia darasa. Ni kweli kwa kiasi. Lakini hata nikistaafu kesho nitaendelea na safari hizi, maana raha ninayoipata nikiwa nimeketi chini mbele ya fundi, sijui lolote, sijaipata kwingine kokote.

Nimefikiri sana raha hiyo inatoka wapi, na naamini inatoka kwenye saa. Kila malighafi ina saa yake. Udongo una saa ya kukubali kukunjwa na saa ya kupasuka ukiugusa tu. Bua la gugumaji, ule mmea unaoelea ziwani, lina kipindi kifupi ambapo linasukika, na kikipita linavunjika. Nta ya batiki ina joto lake: ikipoa haipenyi kitambaa, ikizidi moto inasambaa na mstari wako unapotea. Chuoni tulifundishwa hatua, ya kwanza hadi ya mwisho, tukazikariri na tukafaulu. Saa hatukufundishwa, na sidhani zingeweza kuandikwa ubaoni. Ziko vidoleni mwa watu, na ukizitaka huna budi kwenda kukaa nao.

Wa kwanza kunionyesha hili alikuwa shosho jirani yetu kule Nakuru, nilipokuwa msichana. Alikuwa akisuka viondo vya mkonge, na nyuzi alizisokota mwenyewe juu ya paja. Anaweka mafungu mawili sambamba, anayasukuma mbele kwa kiganja, kila moja likijisokota peke yake, kisha anayarudisha nyuma kwa pamoja, nayo yanashikana kuwa uzi mmoja. Mkonge mkavu unakwaruza na hausokoteki, ulioloa sana unateleza. Kando yake kulikuwa na bakuli la maji, akichovya ncha za vidole bila hata kulitazama. Nilijua kusokota kabla ya kujua kuchora. Mwaka wa 2021, mwaka uleule Nakuru ilipopandishwa hadhi kuwa jiji, iliingizwa pia katika Mtandao wa Miji Bunifu wa UNESCO kwa upande wa ufundi wa mikono na sanaa za jadi. Habari hiyo niliisoma nikiwa Kisumu na nikafurahi sana, na aliyenijia akilini mara moja ni yule shosho na bakuli lake.

Lakini saa yenyewe niliielewa vizuri kwenye udongo, na udongo niliufuata Ilesi.

Ukitoka Kisumu kwenda Kakamega, matatu inapanda Kiboswa, inapita Majengo, Mbale na Chavakali, na ukifika maeneo ya Khayega na Ilesi utaona vyungu vimepangwa kando ya lami: vya maua, vya maji, vya kupikia, na vigae vya ndani vya majiko. Nilikuwa nimepita hapo miaka mingi nikivitazama dirishani. Siku niliyoamua kushuka nilimkuta mama mmoja mzee akipanga mali yake, nikamsalimia na kumweleza kwamba mimi ni mwalimu wa sanaa, na kwamba ningependa anifundishe kama angekuwa na nafasi. Wajukuu wake walikuwa wakimwita kukhu, nami nikamwita hivyo hivyo.

"Basi mwalimu, vua viatu," akasema. Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yake yote ya kunikaribisha.

Viatu huvuliwa kwa sababu udongo unakandwa kwa miguu. Unachimbwa bondeni, unalowekwa, unatolewa mizizi na mawe, kisha unatandazwa juu ya gunia na kukanyagwa kwa kisigino, kutoka katikati kwenda nje. Unakunjwa, unakanyagwa tena. Nikiendelea kukanyaga, kukhu alinyunyiza unga mwekundu ambao nilidhani ni mchanga. Ni vigae. Vyungu vilivyopasuka motoni havitupwi, husagwa na kurudishwa kwenye udongo mpya. Kwa kuwa vimekwisha kupita motoni, havinywei tena, kwa hiyo vinaupunguzia udongo mpya kunywea, na vinaacha vijinjia ambavyo mvuke hutokea wakati wa kuchoma. Udongo laini mtupu, usio na vigae wala mchanga, hupasuka motoni. Hayo niliyajua kwa kusoma. Ambalo sikulijua, nikafundishwa na kisigino, ni kwamba udongo uliotosha kukandwa huacha kunata kwenye ngozi. Unabanduka wenyewe. Kukhu hakunitazama usoni kuona kama nimechoka. Alitazama nyayo zangu, na zilipoanza kutoka safi akasema, "Sasa umeiva."

Gurudumu hakuna. Kitako cha chungu kipya hujengwa ndani ya kitako cha chungu cha zamani kilichovunjika, ambacho fundi hukizungusha kwa mkono pale chini kila anapotaka upande mwingine. Juu ya kitako unaongeza kamba za udongo, moja juu ya nyingine. Kidole gumba kinabana kwa ndani, kiganja cha mkono wa pili kinazuia kwa nje, halafu ukuta unakwanguliwa kwa kipande cha kibuyu kilichokatwa mviringo hadi uwe sawa kote. Mikono yangu ikaizoea kazi, nikaongeza kasi. Tumbo la chungu likapanuka vizuri. Nikachukua kamba nyingine nianze shingo, naye akanishika mkono.

"Bado."

Chungu kikawekwa kivulini. Kukhu akaenda kuchuma mrenda, akarudi, akabonyeza tumbo la chungu kwa kidole gumba, akasema bado, akaketi kuchambua mboga. Tukaongea habari za wajukuu, za karo, za mvua iliyochelewa. Akabonyeza tena. Tumbo likiwa laini halina nguvu ya kubeba shingo: shingo itazama, tumbo litatoka nje, na kazi yote italala. Likikauka mno, shingo itashika juu juu tu, na siku ya moto ufa utajitokeza palepale zinapokutana. Kati ya hayo mawili ndipo ilipo saa. Siku ya jua kali ni fupi, siku ya mawingu inaweza kusogea hadi jioni. Alipoona imefika alichukua kidole changu akakibonyeza pale alipokuwa akibonyeza chake. Udongo ulikubali kidogo, halafu ukakataa. Ulikuwa baridi, lakini haukuacha maji kwenye ngozi. Vitabuni hali hiyo ina sentensi moja au mbili. Mimi nilipewa hali yenyewe mkononi, na tangu siku hiyo kidole gumba changu cha kulia kinaitambua hata nikifumba macho.

Mapambo nayo yana saa yake, baadaye kidogo. Kukhu ana kipande cha kamba iliyosukwa, hakizidi urefu wa kidole. Anakilaza shingoni mwa chungu, anakiviringisha kwa kiganja, na msuko unaacha ukanda wa alama ndogo ndogo kuzunguka chungu kizima. Udongo ukiwa mbichi, kamba inazama na kuburuta. Ukiwa mkavu, hauandikiki. Nilipenda sehemu hii kupita kiasi, nikawa naomba nipambe hata vyungu visivyo vyangu.

Hapa naomba nizunguke kidogo. Eneo letu hili lina vyungu vya kale vinavyojulikana duniani kote kwa jina la Urewe, mahali palipo Siaya. Mwaka wa 1948 mmishonari Archdeacon Owen na wanaakiolojia Mary Leakey na Louis Leakey walichapisha uchunguzi wao juu ya vyungu hivyo, na alama iliyowavutia zaidi ilikuwa kishimo kilichobonyezwa kwenye kitako. Ni vyungu vilivyofinyangwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na vya namna hiyo vimepatikana pia Uganda, Rwanda na kaskazini magharibi mwa Tanzania. Kishimo kile ni kazi ya kidole. Mtu aliketi mahali fulani karibu na ziwa hili, akasubiri udongo wake ufike, akabonyeza. Nikiwaonyesha wanafunzi picha za vyungu vya Urewe, huwaambia kwanza waweke vidole vyao juu ya picha ya kile kishimo, ndipo tunaanza somo.

Moto nitausimulia kwa kifupi, ingawa ndio unaotisha zaidi. Vyungu hukaushwa kivulini siku nyingi, kisha hupashwa joto taratibu, halafu hupangwa juu ya kuni na kufunikwa kwa nyasi na mavi makavu ya ng'ombe. Moto wa wazi wa namna hiyo hufika nyuzi 600 hadi 900 hivi za selsiasi. Katika joto hilo udongo unapoteza hata yale maji yaliyofungamana na asili yake, na baada ya hapo hauwezi tena kurudi kuwa tope, uuloweke upendavyo. Njia ya kujua kama chungu kimekauka vya kutosha kuingia motoni ni kukigusisha shavuni. Kikiwa baridi, ndani bado kuna maji.

Niliporudi kutoka Ilesi nilianza kusoma upya habari za mfinyanzi Magdalene Odundo, ambaye nilikuwa nimesikia jina lake chuoni na kuliacha lipite. Alizaliwa Nairobi mwaka wa 1950, akaenda kusomea Uingereza, na miaka ya 1970 akaenda Nigeria, katika mji uliokuwa ukiitwa Abuja, leo Suleja, kwenye kituo cha ufinyanzi ambako Ladi Kwali alikuwa akifanya kazi. Ladi Kwali alijifunza kufinyanga kwao kijijini, bila gurudumu, na leo picha yake iko kwenye noti ya naira 20. Odundo alijifunza kwa wanawake wa kule, akarudi na njia hiyo ya mkono, na vyungu vyake, ambavyo husuguliwa hadi ving'ae bila kupakwa rangi ya kung'arisha, viko katika makumbusho makubwa ya dunia. Mwaka wa 2020 Uingereza ilimpa heshima ya Dame. Vitabu vingi vya ufinyanzi tulivyotumia chuoni vilianza na gurudumu na vikaitaja kazi ya mkono kana kwamba ni maandalizi. Nasema wazi kwamba mpangilio huo si sahihi. Yule kukhu wa Ilesi hakukosa gurudumu. Ana mkono unaojua ukuta una unene gani kwa kuupapasa pande zote mbili, na mtu akiniambia huo ni ufundi wa kuanzia, nitamwomba avue viatu ajaribu.

Nikaingiwa na hamu ya kujua saa za vitu vingine.

Gugumaji nililifuata Dunga, kilomita chache kusini mwa katikati ya jiji. Pale ufuo una mafundi wa aina mbili. Kuna akina mama wa mikeka ya mafunjo, ufundi wa siku nyingi, na kuna vijana wa gugumaji, ambao ufundi wao ni mpya kwa sababu mmea wenyewe ni mgeni. Gugumaji asili yake ni Amerika Kusini. Lilionekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufikia miaka ya 1990 lilikuwa limefunika sehemu kubwa za ghuba ya Winam, mashua zikashindwa kutoka na wavuvi wakakaa nyumbani. Waliletwa fukusi wa kulila, likapungua, likarudi, na hadi leo upepo ndio unaoamua asubuhi litakuwa ufuo gani.

Kijana aliyenifundisha ana umri wa wanafunzi wangu wa kwanza. Alikuwa akiniita mwalimu, nami nikimwita fundi, na tukaelewana hivyo hadi mwisho.

Bua la gugumaji likiwa bichi limejaa vyumba vidogo vya hewa na maji. Zaidi ya asilimia 90 ya mmea mzima ni maji. Unavuna mzigo wa kujaza mashua, unauanika, na baada ya siku za jua unabaki na kiasi cha kubeba kwapani. Bua linabonyea, linakuwa utepe wa hudhurungi, jepesi ajabu. Likiwa kavu kabisa, ukilikunja linalia na kukatika. Fundi hulinyunyizia maji na kulifunga ndani ya gunia, lakini maji yakizidi kuvu inaingia na kikapu kitakuja kuoza kwa mnunuzi. Kwa hiyo kazi nzuri hufanyika asubuhi, hewa ya ziwa ikiwa bado na unyevu. Kufikia saa sita mchana mabua yaleyale yameanza kukataa, naye anaacha kusuka na kugeukia kazi ya fremu na vanishi.

Aliniwekea mabua matatu mkononi, nisuke msuko wa kawaida tu, ule wa nywele. Nikasuka. Akaupitisha vidoleni akiwa amefumba macho, kutoka mwanzo hadi mwisho, akasimama mahali pamoja. "Hapa ulikuwa unaongea," akasema. Ilikuwa kweli. Pale msuko ulikuwa umelegea. Jambo hilo limenifundisha kusoma kazi za watoto kwa vidole kabla ya macho, na ninagundua mengi: wapi mtoto alikuwa ametulia, wapi jirani yake alimsemesha, wapi alitaka kumaliza.

Wapo wanaosema vikapu vya gugumaji vitaliokoa ziwa. Kauli hiyo siiungi mkono. Vikapu na viti vyote vya Kisumu haviwezi kulimaliza gugumaji, na kuwabebesha mafundi mzigo huo ni kuwaonea. Gugumaji linaletwa na rutuba inayomwagika ziwani kutoka mashambani na mijini, na huko ndiko kwa kulishughulikia. Kikapu kinatosha kuwa kikapu. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini mwezi wa Agosti 2017, chakula cha nyumbani kwangu kinatoka soko la Kibuye kwenye vikapu, na kile nilichosuka Dunga ndicho kinachobeba nyanya na omena, kila Jumapili, bila lawama.

Tabaka, kule Kisii, nilikwenda nikiwa na shauku kubwa na nikakaa kidogo kuliko nilivyotaka. Kutoka Kisumu unapita Ahero, Sondu na Oyugis hadi Kisii mjini, kisha unachukua gari jingine. Kuna machimbo ya jiwe la sabuni, jiwe laini la kuchongea, na karibu kila boma lina mtu anayechonga au kusugua. Jiwe linakatwa kwa panga na kuchongwa kwa kisu na patasi, linalainishwa kwa tupa, halafu linapewa akina mama walioketi kando ya beseni za maji. Hao ndio walionifundisha mimi.

Jiwe lililochongwa likiwa kavu lina vumbi jeupe, huwezi kujua rangi yake. Ukilizamisha majini linajitokeza: la waridi, la kijivu, lenye mishipa myekundu iliyojificha. Msasa hutumiwa humo humo majini, ule wa kukwaruza kwanza, kisha laini, kisha laini zaidi. Maji pia yanalizuia vumbi lisiingie kifuani. Mama aliyekuwa karibu nami alikuwa akiinua kila kipande na kukiacha kikauke kidogo usoni. Sehemu zenye mikwaruzo hukauka tofauti na zilizolainika, na kwa muda mfupi sana mikwaruzo yote inaonekana, kisha inapotea tena. Hiyo ndiyo saa ya jiwe. Nilikuwa nimeambiwa jiwe halina saa, kwamba linaweza kukungoja mwaka mzima, nami nikaamini mpaka nilipoketi kando ya beseni lile.

Tabaka ndiko anakotoka mchongaji Elkana Ong'esa, ambaye kazi yake imefika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Watu wakimtaja humtaja kama aliyeepuka kazi ya sanamu za viboko na vibakuli vya kuuzia watalii. Nimekisikia kijembe hicho mara nyingi, kwamba wachongaji wa kawaida wanarudia kitu kimoja maisha yao yote. Mimi nilimtazama kijana mmoja akitoa kiboko kutoka kwenye jiwe, na mkono wake haukusita hata mara moja. Alijua panga litaishia wapi kabla halijaanguka. Ujuzi wa namna hiyo huzaliwa na kurudia, na kutokana na huo hata mtu anayetaka kuchonga kitu kisichowahi kuonekana atapata pa kusimama. Shuleni tunawataka watoto wabuni kitu kipya kila wiki kwa malighafi mpya kila wiki. Watajua saa ya kitu gani?

Hili ndilo linalonikereketa kuliko yote, na ndipo furaha yangu ya likizo inapokutana na kazi yangu ya muhula.

Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, sanaa na ufundi lilikuwa somo la kufanyiwa mtihani wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 likaondolewa kwenye mtihani, na kilichofuata kila mwalimu wa rika langu anakijua: kipindi cha sanaa kikawa kipindi cha hesabu. Mtaala wa umilisi umelirudisha, na sasa mwanafunzi anaweza kuingia shule ya upili ya juu akifuata mkondo wa sanaa na michezo. Nimelishangilia jambo hili kwa moyo wote. Lakini kipindi cha gredi ya nne hadi ya sita ni dakika 35. Ukitoa muda wa kugawa udongo na muda wa kunawa mikono, unabaki na dakika 20. Kengele inalia chungu kikiwa na tumbo laini, na mtoto anaambiwa amalize. Anabandika shingo, shingo inazama, naye anaondoka akiamini hana kipaji.

Kwa hiyo nimepanga upya. Nilizungumza na mwalimu mkuu, akanipa vipindi viwili vilivyofuatana siku ya Jumatatu na kimoja siku ya pili yake asubuhi. Jumatatu tunajenga matumbo. Tunayafunika kwa magunia yaliyoloweshwa, na watoto wa zamu wanakuja wakati wa mapumziko kuyabonyeza na kuamua: kufunua, kuacha, au kunyunyiza maji. Jumanne tunajenga shingo. Wiki nzima inayofuata hatufinyangi chochote, tunafanya kazi nyingine huku vyungu vikikauka nyuma ya darasa. Wazazi wengine walilalamika mwanzoni kwamba mtoto anarudi nyumbani bila kitu cha kuonyesha. Niliwaalika siku ya kuchoma.

Watoto nao wanaongeza yao. Kipimo cha shavu nilichopewa Ilesi wamekifanya chao kabisa. Ukipita darasani wakati wa mapumziko utawakuta gredi ya tano wamepanga mstari, kila mmoja ameegemeza shavu kwenye chungu chake, wakibishana cha nani bado ni baridi. Mvulana mmoja mtulivu, ambaye katika masomo mengine hainui mkono, ndiye wenzake wanaompelekea vyungu avipime. Anavipokea, anagusisha shavu la kushoto, halafu la kulia, kwa sababu anasema la kushoto linadanganya. Hakosei mara nyingi. Nimemwachia yeye kuamua vyungu gani vinaingia motoni, na sijaona sababu ya kumpokonya kazi hiyo.

Likizo ijayo naenda kujifunza kutengeneza orutu, ile fidla ya Waluo yenye uzi mmoja. Nimempata fundi ng'ambo ya Ahero. Amenieleza kwa simu kwamba mti nitauchonga mwenyewe, ubao wa sauti ni ngozi, na ngozi huvutwa juu ya mti ikiwa ingali na unyevu, kisha ikikauka inajikaza na kuipa ala sauti yake. Ikivutwa ikiwa mbichi mno inaweza kujirarua inapokauka. Ikivutwa imeanza kukauka, itabaki imelegea na sauti itakuwa nzito. Nilimuuliza unyevu wa kiasi gani unafaa. Akasema nije tu, ataniwekea ngozi mkononi.